Iliki Ugenini: Historia ya Mimea ya Nchi za Joto Majumbani mwa Watu

Katika nyumba nyingi za pwani ya Afrika ya Mashariki iliki hujulikana kwa harufu yake kabla ya kujulikana kwa umbo lake. Hutiwa katika chai, katika kahawa, katika mandazi na katika pilau. Huuzwa dukani kwa vipimo vidogo vidogo, na bei yake humfanya mpishi aihesabu ganda kwa ganda. Walakini mtu akiulizwa mmea wake una urefu gani, hupenda mahali gani, na ua lake huchanua wapi, aghalabu hana jibu. Ni kama mtu aliyejuana na mwenzake kwa barua tu: ameyazoea maneno yake, lakini hajapata kuuona uso wake.

Ng'ambo ya bahari mambo yamepinduka. Katika miji ya Ulaya na Marekani wako watu wapandao iliki vyunguni, wakaiweka karibu na dirisha pamoja na vanila, tangawizi na mimea mingine ya nchi za joto. Hao huuona mmea kila siku, huyagusa majani yake na kuinusa harufu yake, lakini tunda hawalipati; kwa maana iliki ya chunguni yaweza kustawi majani miaka mingi pasipo kutoa ua hata moja. Mafungu haya mawili ya watu yamegawana mmea mmoja: huku lipo tunda pasipo mmea, kule upo mmea pasipo tunda. Jinsi mambo yalivyofika hapo ni historia ndefu, na historia hiyo ina fundisho moja. Mmea waweza kuchukuliwa kutoka kwao kwa siku chache, lakini kwao hakuchukuliki. Kivuli, mvua, nyuki na ujuzi wa watu waliouzoea hubaki nyuma. Kila aupandaye ugenini hana budi ama kuvitengeneza upya kwa mikono yake, ama kuvitwaa kwa mwingine.

Kwao iliki ni milima ya Ghats ya Magharibi, kusini mwa Bara Hindi, iliyosimama nyuma ya pwani ya Malabar. Pepo za kusi, ambazo zamani zilivusha majahazi kutoka Afrika ya Mashariki mpaka bandari za Bara Hindi, hufika huko zimebeba maji ya bahari; zikipanda mlimani huyamwaga, na misitu ya huko hunywa mvua nyingi kwa miezi mfululizo. Iliki huota chini ya miti mikubwa ya misitu hiyo. Ni ya jamaa moja na tangawizi na manjano. Ina tunguu ardhini, na katika tunguu hilo huchipuka mashina yenye majani marefu ambayo hupita kimo cha mtu, hata mengine kufika mita nne. Ajabu yake ni maua. Hayatoki kileleni kama maua ya mimea mingi, bali vikonyo vyake huchomoza chini kabisa, penye tako la shina, vikatambaa karibu na ardhi. Ua ni jeupe, na mdomo wake umetiwa michirizi ya urujuani. Umri wake ni siku moja. Nyuki akilizuru siku hiyo hufanyika ganda dogo la pembe tatu, lenye vyumba vitatu vilivyojaa chembe nyeusi. Asipolizuru, hunyauka na kuanguka tasa.

Mmea huu ni mwepesi wa kuudhika. Jua kali likiupiga, majani huungua. Kivuli kikizidi, hauzai. Maji yakipungua hudhoofu, na yakituama huoza. Wenyeji wa milima ile waliijua tabia hiyo kabla haijaandikwa katika kitabu chochote. Katika nchi ya Coorg palikuwa na desturi ya kuchagua mahali msituni, kufyeka vichaka vya chini, na kuangusha mti mmoja mkubwa ili mwanga upenye kwa kiasi. Hawakupanda mbegu. Waliondoka wakaacha mvua ifanye kazi yake, na baada ya miezi michache miche ya iliki iliota yenyewe, kwa kuwa mbegu zilikuwa zimelala udongoni zikingojea mwanga ule. Ilipasa kungoja miaka mitatu hivi kabla ya mavuno ya kwanza. Hiyo ilikuwa elimu ya kupima mwanga, na kipimo chake kilikuwa jicho la mtu aliyekulia pale.

Kuandikwa kwa elimu hiyo nako kuna historia yake. Baina ya mwaka 1678 na 1693 ilichapwa Amsterdam kazi kubwa ya juzuu 12 iitwayo Hortus Malabaricus, yaani Bustani ya Malabar. Jina lililo juu yake ni la Hendrik van Rheede, aliyekuwa gavana wa Waholanzi huko Cochin. Lakini kazi hiyo haikutoka katika kichwa kimoja. Itty Achudan, tabibu wa Kimalabari wa jamii ya Ezhava, alitoa majina ya mimea na matumizi yake kama alivyoyarithi kwa wazee wake, na shahada yake ilitiwa katika juzuu ya kwanza. Ranga Bhat, Vinayaka Pandit na Apu Bhat, Mabrahmani watatu, nao walishiriki. Ndani ya kazi hiyo iliki imeandikwa kwa jina la Elettari, kama lilivyosikika vinywani mwa wenyeji. Mwaka 1811 Mwingereza William George Maton alilitwaa jina hilo akaliingiza katika elimu ya mimea, na tangu hapo wataalamu wa dunia nzima huiita iliki Elettaria cardamomum. Hivyo kila mtaalamu atajaye jina hilo hutamka neno la Malabar, ajue asijue.

Kwa karne nyingi biashara ya iliki ilikuwa biashara ya maganda makavu, na maganda makavu hayaoti. Chembe ya iliki ina ngozi ngumu, na uhai wake hupungua kadiri inavyokauka na kukaa. Nayo iliki ya sokoni hukaushwa kwa moto ili ihifadhi rangi na harufu. Mtu wa mbali aliyetaka mmea wenyewe alihitaji mbegu mbichi au tunguu lililo hai, na safari ya merikebu ilikuwa adui wa vyote viwili. Chumvi ya bahari iliunguza majani, maji matamu yalikuwa ya kupimiwa mabaharia, na baridi ya kusini ya Afrika ilimaliza kilichosalia. Mimea mingi iliyopakiwa Mashariki ilifika Ulaya imekufa.

Aliyeifungua njia hiyo hakuwa mkulima wala baharia. Mwaka 1829 Nathaniel Bagshaw Ward, tabibu wa London, aliweka kifukofuko cha nondo katika chupa yenye udongo wenye unyevu, akaiziba, akitaka kumwona nondo atokapo. Akaona jambo jingine. Kangaga na jani la nyasi viliota ndani ya chupa, ilhali kangaga alizozipanda bustanini zilikuwa zimeuawa na moshi wa mji. Ward alitambua kuwa unyevu uliopanda kama mvuke mchana uligeuka matone ukarudi udongoni, na kwa hiyo mmea ulijinywesha wenyewe. Akatengeneza masanduku ya mbao na vioo kwa mfano wa chupa ile. Mwaka 1833 masanduku mawili yalipelekwa Sydney, na mimea ikafika hai. Yakarudishwa London yamejaa mimea ya Australia, nayo ikafika hai vilevile. Baada ya hapo chai ya China, mpira na miti ya kwinini ilisafiri baharini ndani ya masanduku ya namna hiyo.

Sanduku la Ward lilifanya mambo mawili kwa mara moja. Liliwapa wenye dola uwezo wa kuhamisha mazao ya nchi moja na kuyapanda katika nchi nyingine walizozitawala, na liliwapa watu wa kawaida uwezo wa kufuga mimea ya nchi za joto sebuleni. Mwaka 1845 Uingereza iliondoa kodi ya vioo, na vioo vikawa rahisi kupatikana. Nyumba za vioo zilizokuwa fahari ya matajiri wachache zikaanza kujengwa na watu wa tabaka la kati, na asiye na nafasi ya nyumba aliweka sanduku dogo juu ya meza. Iliki ilipata makao humo. Joto lilitengenezwa kwa moto, unyevu ukazuiwa kwa vioo, kivuli kikapatikana kwa pazia. Vitu vitatu katika vile vilivyobaki Malabar vikawa vimeundwa upya. Cha nne, yaani nyuki, hakikuundwa.

Suala la nyuki lilijibiwa mahali pasipotazamiwa, na kwa mmea mwingine. Vanila ni mmea wa kutambaa wa Meksiko, ambako Watotonaki waliutunza tangu zamani. Wafaransa waliupeleka katika kisiwa cha Réunion baina ya 1819 na 1822. Ulikua, ukapanda juu ya miti, na baadaye ukachanua, lakini haukuzaa. Ua la vanila hufunguka asubuhi na kufunga siku iyo hiyo, na katikati yake mna kijiutando kinachotenga chavua na mahali pa kuipokea. Huko kwao wako wadudu wa kuikamilisha kazi hiyo, Réunion hawakuwako. Mwaka 1836 mtaalamu Charles Morren alifaulu kulichavusha ua hilo kwa mkono mjini Liège, lakini njia yake haikuwafaa watu wa mashambani.

Mwaka 1841, huko Sainte-Suzanne, mtoto mtumwa wa umri wa miaka 12 aitwaye Edmond aliipata njia. Bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, alipenda mimea, na alikuwa amemwonyesha jinsi ya kuchavusha ua la mmea wa jamii ya maboga. Mtoto alilichunguza ua la vanila kwa akili yake mwenyewe. Akatwaa kijiti chembamba, akakiinua kile kijiutando, akaibana chavua kwa kidole gumba mahali pake. Bwana wake alipoona matunda katika mvanila uliokaa tasa miaka mingi, hakusadiki mpaka alipoonyeshwa. Watumwa wa mashamba mengine walifundishwa ufundi huo, ukaenea kisiwa kizima, ukavuka mpaka Madagaska na Visiwa vya Komoro. Hata leo karibu vanila yote ya dunia huchavushwa kwa mkono, ua moja moja, kwa namna ile ile.

Malipo ya mvumbuzi yalikuwa haba. Utumwa ulipofutwa mwaka 1848 Edmond alipewa jina la ukoo la Albius, akatoka kutafuta riziki. Baadaye alihukumiwa kifungo kwa wizi, na aliachiliwa kabla ya muda wake kwa maombezi ya Bellier-Beaumont, aliyeukumbusha utawala faida ambayo kisiwa kiliipata kwake. Mtaalamu mmoja wa mimea wa kisiwani, Jean Michel Claude Richard, alidai kwamba ufundi ule ni wake. Bellier-Beaumont aliandika kumpinga na kuithibitisha haki ya Edmond. Albius alifariki mwaka 1880 katika umaskini. Mtu aliyewapa Wafaransa zao zima hakuachiwa hata shamba dogo la zao hilo.

Mpandaji wa iliki chunguni ni mrithi wa Ward na wa Albius pamoja. Akitaka mmea ustawi, hana budi kuutunzia unyevu wa hewa kama alivyofanya wa kwanza. Mmea ukikua mkubwa, ukapata chungu kipana na miaka ya kutosha, nao ukachanua, hana budi kushika brashi ndogo na kufanya kazi ya nyuki, kama alivyofanya wa pili. Hata hivyo wengi hawafiki huko, na sababu moja ni kwamba walichopanda si iliki. Maduka ya maua mara nyingi huuza kwa jina la iliki mmea wa jamaa yake uitwao Alpinia nutans. Ukiyafikicha majani yake hutoa harufu ya iliki, na sura yake yafanana nayo. Lakini maua yake hutoka kileleni mwa shina, na matunda yake si kiungo cha sokoni. Ndugu wa ukoo amevaa kanzu ya nduguye, na mwenye nyumba humngojea miaka kwa miaka azae asichoweza kuzaa.

Ipo pia hatari katika njia iliyo rahisi. Kupasua tunguu na kulipanda pengine ni haraka kuliko kungoja mbegu, na mche hufanana na mama yake kwa kila tabia njema. Hufanana naye kwa ugonjwa vilevile. Wakulima wa Bara Hindi wamesumbuliwa sana na maradhi yaitwayo katte, ambayo huyatia majani mabaka ya rangi hafifu na kuuviza mmea. Huenezwa na wadudu mafuta, na husafiri kwa siri ndani ya tunguu linaloonekana zima. Mbegu haiyachukui. Kwa hiyo mwenye subira hupata mche safi, na mwenye pupa huenda akanunua maradhi pamoja na mmea.

Mashambani nako iliki ilihama kwa kasi. Mwaka 1914 mkulima wa Kijerumani Oscar Majus Kloeffer aliipeleka Guatemala, ikapandwa katika milima ya Alta Verapaz, karibu na Cobán. Milima hiyo ina ukungu, mvua na misitu kama Ghats, na nyuki wa kuizuru wako. Tangu miaka ya 1980 Guatemala imekuwa moja ya nchi mbili, pamoja na India, zinazotoa iliki nyingi kuliko zote duniani. Hata hivyo wakulima wake, wengi wao wakiwa Wamaya, hawana mazoea ya kuila. Karibu yote hupakiwa kwenda nje, hasa nchi za Waarabu, ambako kahawa ya kumkaribisha mgeni haikamiliki bila ya heli, yaani iliki. Huko Cobán wapo mmea na tunda pamoja. Kinachokosekana ni kikombe.

Afrika ya Mashariki iliingia katika historia hii kwa milango miwili: mmoja wa kupokea, mmoja wa kutoa. Unguja ilikwisha pokea karafuu kutoka visiwa vya Mascarene mwanzoni mwa karne ya 19, na mashamba yake yalisimama juu ya migongo ya watumwa. Baadaye John Kirk, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, alifanya bustani Mbweni ambamo mimea ya nchi mbalimbali ilijaribiwa. Barani, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 taasisi ya kilimo na elimu ya viumbe huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Mahali hapo pana kimo cha mita 900 hivi na hupata karibu milimita 2000 za mvua kwa mwaka. Bustani yake ilijazwa mimea ya Asia, Amerika na visiwa vya mbali: miti ya mbao, ya mpira na ya kwinini, matunda na viungo. Iliki nayo ilifika milimani humo kwa mkono wa wakoloni, ikakuta kivuli, mvua na udongo wa majani yaliyooza kama ilivyoviacha Malabar. Haikuhitaji kioo wala moto. Pole pole ilitoka mikononi mwa wataalamu ikaingia mikononi mwa wakulima wa vijiji, na katika miaka iliyofuata uhuru ilikuwa kwa kaya nyingi njia ya kupata fedha za karo, za nguo na za dawa.

Kwa mlango wa pili ulitoka mmea mdogo ambao leo hujulikana duniani kuliko milima iliyouzaa. Ni ua la urujuani lenye majani ya manyoya, liotalo penye miamba yenye kivuli ya Tanga, Usambara na pwani ya Kenya. Kirk alipeleka Kew sampuli yake mwaka 1884. Mwaka 1887 ilipelekwa nyingine na W. E. Taylor, mmisionari ambaye wasomi wa Kiswahili humjua zaidi kwa methali alizozichapisha mwaka 1891 na kwa bidii yake ya kuhifadhi mashairi ya Muyaka. Sampuli hizo hazikutosha kuupa mmea jina. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga katika utawala wa Kijerumani, aliuona na kuupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover aliuita Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya ukoo huo. Mwaka 1926 mbegu zake zilifika Los Angeles kwa wafanyabiashara wa maua, na tangu hapo aina chungu nzima zimezalishwa na kuwekwa madirishani kote.

Inafaa kuuliza kwa nini ua hili lilifaulu nyumbani mahali iliki iliposhindwa. Jawabu liko katika makao yake ya asili. Mmea uliozoea ufa wa mwamba, wenye udongo haba, mwanga wa kando na joto lisilobadilika sana, ukiwekwa katika chungu kidogo karibu na dirisha huona makao yanayofanana na yale ya kwanza. Tena hatakiwi tunda kwake, ua latosha. Iliki ni mmea wa msitu mzima, na msitu mzima hauingii sebuleni. Wapandaji hawakumpenda mmoja kuliko mwingine. Mmoja alichukulika na kwao, mwingine hakuchukulika.

Majina nayo yana hadithi yake. Wajerumani huliita ua hili urujuani wa Usambara, na hivyo huikumbuka milima. Waingereza huliita urujuani wa Afrika, wakaufuta mlima na kuacha bara. Mwaka 2015 wataalamu waliingiza jamii yake yote katika jenasi ya Streptocarpus, na jina la mkuu wa wilaya likaondoka mbele ya jina la ua.

Katika milima ile ile wageni na wenyeji walikutana, na hapo ndipo historia hii inapoacha kuwa hadithi ya bustani. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Iliki iliwaponya watu wengi wa Usambara. Lakini kuipanda msituni kulitaka kufyeka mimea ya chini na kupunguza miti ya juu, kama ilivyofanywa Malabar. Aliyesimama mbali aliona miti mikubwa imesimama akadhani msitu ni mzima. Aliyeingia ndani aliona kuwa miche ya miti haiko tena, na kwamba miti ile mikubwa haina warithi. Baada ya miaka kadhaa mavuno ya iliki hupungua, udongo ukiwa umechoka. Hapo mkulima huangusha miti iliyobaki, akapanda mahindi, mihogo au migomba, kisha akaenda kutafuta kivuli kipya kwa iliki mpya. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1980 uliionyesha hali hiyo wazi. Mgeni mwingine wa bustani ya Amani, mti uitwao musizi kwa Kiganda, nao uliponyoka ukaenea katika nafasi zilizofunguliwa. Mimea isiyopatikana penginepo duniani, pamoja na jamaa za ua lile la urujuani, ikapungukiwa kivuli chake. Hivyo ua liliongezeka kwa mamilioni katika vyungu vya ugenini huku likipungukiwa na mahali kwao.

Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na kilimo cha iliki hakikuruhusiwa tena ndani ya mipaka yake. Msitu ulihitaji ulinzi huo. Hilo halina shaka. Ila haki ya watu nayo ina neno lake. Mwanzoni mwa karne ya 21, ulipotengwa ushoroba wa Derema ili kuunganisha vipande vya msitu vilivyoachana, wakulima waliokuwa na iliki humo walitakiwa kuiacha, na suala la fidia yao lilichukua miaka. Mtu aliyefundishwa na serikali zilizotangulia kuwa iliki ni maendeleo aliambiwa na serikali zilizofuata kuwa iliki ni uharibifu. Hakubadilika yeye, wala haukubadilika mmea. Kilichobadilika ni thamani ya kivuli: zamani kilionekana kuwa cha bure, sasa kikajulikana kuwa na mwenyewe.

Njia ya kutoka katika shida hiyo inaelekea nyumbani. Majaribio yaliyofanywa Usambara Mashariki yamechanganya iliki na pilipili manga pamoja na miti ya kupandwa kama mgrevilea: pilipili hupanda juu ya mti, na iliki hukaa chini ya kivuli chake, nje ya msitu wa asili. Fikra hiyo si ngeni Afrika ya Mashariki. Wachaga wa Kilimanjaro kwa vizazi vingi wamepanda migomba chini ya miti na kahawa chini ya migomba, katika vihamba vilivyozunguka nyumba zao; na katika milima ya Uluguru viungo hupandwa mashambani pamoja na miti ya matunda. Katika bustani ya namna hiyo kivuli ni zao kama mazao mengine: hupandwa, hupogolewa, hurithiwa. Mkulima hungoja zaidi, kwa kuwa mti haukui kwa msimu mmoja; lakini hana haja ya kuhama na kuacha jangwa nyuma yake.

Kwa kipimo hicho chungu cha dirishani na shamba la mlimani huhukumiwa kwa sheria moja. Mpandaji wa London aliyehifadhi unyevu chini ya kioo, mtoto wa Sainte-Suzanne aliyefanya kazi ya mdudu kwa kijiti, na mkulima apandaye mti leo ili iliki yake ipate kivuli baada ya miaka mitano, wote wamemtengenezea mgeni makao. Aliyeingia msituni akautwaa uvuli uliolelewa karne nyingi alimkaribisha mgeni katika nyumba ya mtu mwingine. Tofauti ya matendo hayo haionekani katika harufu ya kikombe cha chai. Chembe za iliki hunukia sawasawa, ziwe zimetoka chini ya mti uliopandwa au chini ya mti ulioporwa mwanawe; na ndiyo maana atakaye kujua hana budi kuuliza habari za mmea wenyewe, umeota wapi, na ni nani aliyeutilia kivuli.